Kabla ya kununua nyumba Zanzibar, hesabu ndege kwanza

Mfanyabiashara anayepitisha mzigo Namanga, Mutukula au Rusumo anajua kwamba bei ya bidhaa dukani si bei yake halisi. Bei halisi hupatikana baada ya kujumlisha lori, ushuru, siku za foleni mpakani na kile kinachoharibika njiani. Cha kushangaza, mtu huyohuyo anapokwenda kununua nyumba ya pili Zanzibar, hesabu hiyo huisahau. Huuliza bei ya fleti, hutazama bahari iko umbali gani, kisha hutoa malipo ya awali. Suala la usafiri hulikumbuka baadaye.

Kisiwani, nyumba na njia ya kuifikia ni bidhaa moja. Mwenye nyumba Mwanza au Kampala ana barabara, na basi moja likikosekana lipo jingine. Mwenye nyumba Unguja anayeishi nje ya Tanzania amenunua pia ratiba ya ndege, ingawa ratiba hiyo haimo kwenye mkataba wa mauziano.

Ushahidi uko kwenye ramani. Pemba ina fukwe nzuri, na sheria zake za ardhi ni zilezile za Unguja. Lakini ndege kubwa hushuka Unguja, kwenye Uwanja wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, ambako jengo la tatu la abiria lilifunguliwa mwaka 2021. Huko hufika ndege kutoka Doha, Dubai, Istanbul, Addis Ababa na Nairobi, na ndiko nyumba za kuuzia wageni zilikoota: Fumba, kusini mwa uwanja huo, Paje upande wa mashariki na Nungwi kaskazini. Anayekwenda Pemba hupanda ndege ndogo au boti. Ni vigumu kusema tofauti ya masoko hayo mawili imeletwa na uzuri wa bahari.

Ndege huamua mambo matatu kwa mnunuzi. La kwanza ni mara ngapi ataitumia nyumba yake. Familia ya watu watano inayopanga kwenda mara nne kwa mwaka inahitaji tiketi 20 za kwenda na kurudi. Hiyo ni gharama ya kudumu, sawa na kodi ya fremu ya duka. Anayetoka Bujumbura au Lubumbashi mara nyingi hubadilisha ndege njiani, na likizo ya siku nne inaweza kupoteza siku mbili viwanjani.

La pili ni mpangaji. Wengi hununua wakitarajia kupangisha watalii wakati wao wako kwenye biashara zao. Watalii wengi hufuata ndege, na ndege nyingi hufuata misimu ya likizo ya Ulaya. Masika inapoingia, Aprili na Mei, safari hupungua na baadhi ya hoteli hufunga milango. Marejesho ya mkopo na ada ya kila mwezi ya kuendesha jengo havijui masika.

La tatu, linalomgusa zaidi mfanyabiashara, ni kuuza. Kwake yeye nyumba ya pili ni akiba. Kontena likikwama bandarini au mteja mkubwa akishindwa kulipa, atataka kuigeuza fedha haraka. Mnunuzi wa nyumba hiyo naye atakuja kwa ndege. Safari zikipungua, wanunuzi hupungua, na mwenye shida ya fedha hulazimika kushusha bei.

Hatari hii si ya kufikirika. Agosti 2020, Tanzania ilizuia ndege za Kenya Airways baada ya Kenya kuiacha nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila kuwekwa karantini. Kabla mwezi huo haujaisha, kampuni nyingine tatu za Kenya ziliingizwa kwenye zuio hilo, na lilikuja kuondolewa Septemba. Januari 2024 mvutano ukarudi. Safari hii chanzo kilikuwa ndege za mizigo za Air Tanzania kunyimwa kibali na Kenya, na Tanzania ikatangaza kusitisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Serikali zikaelewana kabla ya siku ya utekelezaji. Mara zote mbili mwenye nyumba hakuwa na kosa wala nafasi ya kusikilizwa.

Wapo wanaodhani Jumuiya ya Afrika Mashariki inawalinda. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inaruhusu bidhaa, watu, huduma na mitaji kuvuka mipaka, lakini Ibara ya 15 inaiacha ardhi chini ya sera na sheria za kila nchi. Zanzibar, ardhi ni mali ya umma. Mgeni hupata ukodishaji wa miaka maalumu, au hununua fleti chini ya sheria ya mwaka 2010 inayohusu majengo yenye wamiliki wengi. Kenya nayo, kwa Katiba ya 2010, humpa asiye raia miaka isiyozidi 99. Kwa hiyo Mganda anayenunua Unguja ni mgeni kama Mjerumani, tofauti ikiwa kwamba huenda Mjerumani akapata tiketi ya moja kwa moja kirahisi zaidi.

Hapo ndipo serikali zinapopaswa kuulizwa. Abiria wa Dar es Salaam kwenda Zanzibar hutozwa ada za safari ya ndani, na wa Entebbe, Kigali au Nairobi hutozwa za kimataifa. Kama soko ni la pamoja, abiria wa nchi wanachama atozwe kama wa ndani. Na mawaziri wakubaliane kwamba mgogoro wa vibali hautasimamisha ndege za abiria bila taarifa ya miezi kadhaa. Nchi za Afrika ziliahidi kufungua anga tangu Uamuzi wa Yamoussoukro wa 1999, na robo karne ni muda mrefu wa kusubiri.

Wapo Wazanzibari watakaosema ndege zaidi zitapandisha bei na kuwasukuma vijana mbali na vijiji vyao vya pwani. Hofu hiyo ina msingi na haifai kupuuzwa. Lakini bei tayari zinapandishwa na ndege za mbali. Mwenye nyumba wa jirani anayeweza kufika kila mwezi ana nafasi kubwa ya kununua samaki Darajani, kuajiri fundi wa mtaani na kufungua biashara kuliko yule anayekuja wiki mbili kwa mwaka.

Mpaka hilo litimie, mfanyabiashara afanye kazi yake. Aulize ni kampuni gani za ndege zinatoka mji wake kwenda Unguja mwezi Mei, si Desemba. Aulize ikiwa kampuni moja ikiacha, ipo ya pili. Apige hesabu ya kufika Dar es Salaam kisha kuvuka kwa boti ya kasi, safari ya takribani saa mbili, kwa sababu huo ndio mlango wa pili. Aulize pia miaka iliyobaki kwenye ukodishaji. Gharama ya njia ikizidi faida ya nyumba, fedha hiyo ikae kwenye mzigo.