Somo la Kliniki Lisiishie Mlangoni

Mjamzito wa Bukene, wilayani Nzega, hukaa na mkunga kwa muda mfupi, kisha hurejea nyumbani kwa wiki kadhaa. Lakini kutokwa damu, kuumwa kichwa sana au mtoto kuacha kucheza tumboni hakungoji siku ya kliniki. Humtaka mama aende kituoni mara moja. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza Novemba 2012, ilionyesha njia: aliyetuma neno MTOTO kwenda 15001 alipokea mafunzo bure, kwa Kiswahili. Hata hivyo, pengine simu ya nyumbani hushikwa na mume. Basi naye ajiandikishe, asome. Na mkunga, katika hudhurio lijalo, aulize kilichoeleweka, kwani simu hufundisha lakini haisahihishi.