AFYA YA JAMII: Sindano ya Jicho Isitutishe



Ndugu wasomaji wapendwa, mwezi huu tumeona ni wajibu wetu kuandika juu ya maradhi yaliyomfika mzee mmoja wa jumuiya yetu hapa Uingereza. Alfajiri moja, baada ya sala, alifunua msahafu wake akaiona mistari imepinda, na katikati ya ukurasa pana ukungu. Jicho halikumuuma wala halikuwa jekundu. Alipofumba jicho la kulia ukungu uliondoka. Alipofumba la kushoto ukungu ulibaki. Kwa kuwa hapakuwa na maumivu, alisema ni uchovu tu, akanyamaza wiki tano. Alipofikishwa hospitali aliambiwa kwamba mshipa wa damu nyuma ya jicho umeziba, na kwamba tiba yake ni sindano ndani ya jicho lenyewe. Mzee aliinuka, akavaa kofia yake, akarudi nyumbani.

Hatumlaumu. Nani kati yetu asiyeogopa kusikia neno hilo? Lakini hofu isiyo na elimu huweza kutupotezea neema kubwa, na kwa idhini yake tunaeleza yale ambayo kila nyumba inapaswa kuyajua.

Nyuma ya jicho pana utando mwembamba uitwao retina, ambao hupokea nuru na kupeleka picha katika ubongo. Damu huingia humo kwa mishipa ya ateri na hutoka kwa mishipa ya vena. Vena ikiziba, damu hukosa njia ya kutokea, mfano wa mfereji ulioziba ambao maji yake hurudi nyuma na kufurika. Majimaji ya damu huvuja na retina huvimba, hasa pale katikati tunapopatumia kusomea na kutambua nyuso za watu. Huweza kuziba tawi moja la vena, na huweza kuziba shina lenyewe, ambalo balaa lake ni kubwa zaidi. Retina iliyokosa damu ya kutosha nayo hutoa kemikali inayozidisha uvujaji na kuotesha mishipa mipya iliyo dhaifu.

Zamani tiba ilikuwa chache. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1984 ulionyesha kuwa miale ya leza huwafaa baadhi ya walioziba tawi. Mwingine wa mwaka 1995 ulionyesha kuwa leza haikuwarejeshea uoni walioziba shina. Mlango ulifunguka mwaka 2010, Marekani ilipoidhinisha kwa maradhi haya dawa ya ranibizumab, inayoizuia ile kemikali. Baadaye zilifuata aflibercept na faricimab. Iko pia bevacizumab, dawa iliyoanzia katika saratani, ambayo hutumika katika nchi nyingi kwa sababu bei yake ni nafuu.

Katika utafiti wa watu 392 walioziba shina, waliodungwa kipimo kamili kila mwezi kwa miezi 6 waliongeza kwa wastani herufi 15 hivi katika ubao wa kupimia macho, ilhali wasiodungwa hawakuongeza hata herufi 1. Hao wa pili walipoanza dawa baada ya miezi 6, walimaliza mwaka wakiwa na nyongeza ya herufi 7 tu, na waliowahi walikuwa karibu na 14. Wahenga hawakukosea: chelewa chelewa, utakuta mtoto si wako.

Na sindano yenyewe ikoje? Jicho hutiwa matone ya ganzi, husafishwa kwa iodini, na kope huzuiliwa zisifumbe. Sindano nyembamba sana hupitishwa katika weupe wa jicho, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa kioo cha jicho, si katika mboni. Dawa ni mililita 0.05, kama tone moja, na kazi humalizika kwa sekunde chache. Jicho huweza kuwasha na kuwa jekundu siku moja au mbili. Hatari ya kuingiwa na vijidudu ni ndogo, lakini ni nzito. Maumivu yakizidi au uoni ukipungua, rudini hospitali siku hiyo hiyo. Mwanzoni sindano huwa za kila mwezi, kisha huachanishwa. Wengine huwekewa kidonge kidogo cha dexamethasone ndani ya jicho, nacho huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Wapo wazee wanaoacha miadi kwa ajili ya Ramadhani. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, iliamua kuwa matone ya jicho hayafunguzi, wala sindano za dawa zisizo za lishe. Mwenye shaka na amuulize sheikh wake mapema, wala asivunje miadi. Na kwa kuwa jicho lililodungwa halitakiwi kuingiwa na maji ovyo, muulizeni daktari juu ya kunawa uso kabla ya kuondoka.

Maradhi haya hupenda kuwafuata wenye shinikizo la damu, kisukari, mafuta mengi katika damu na presha ya macho, pamoja na wavutaji wa sigara. Basi tupimwe, na dawa za presha tusiziache kwa kuwa tumejisikia vizuri. Tujizoeze kufumba jicho moja moja na kutazama maandishi. Hapa England kupimwa macho ni bure kwa aliyetimia miaka 60. Scotland ni bure kwa wakazi wote. Asiyejua Kiingereza na aombe mkalimani, asitegemee mjukuu.

Mzee wetu alirudi hospitali, ameshikwa mkono na binti yake. Amekwisha kudungwa mara tatu. Ukungu haujaondoka wote, lakini anasema mistari ya msahafu imenyooka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie macho yetu na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.