Umbali Haupimwi kwa Kilomita Tu

Wenzangu bwenini husema kwamba siku hizi dunia imekuwa ndogo. Mimi sikubali. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilomita 850 kwa njia ya angani, na ndege huzimaliza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na basi hutwaa karibu siku nzima.

Mwaka jana babu yangu alifariki Mwanza. Mjomba alipanda ndege, akawahi kumzika. Mimi nilipanda basi, nikakuta kaburi limekwisha fukiwa.

Dunia imekuwa ndogo kwa mwenye nauli. Yafaa mwanafunzi aliyefiwa apunguziwe nauli ya ndege. Je, nyinyi wasomaji mwaonaje?