Walimgeuza Ryu Tapeli

Mwaka 1997 nilikuwa na umri wa miaka 14, nikiishi kwa mjomba wangu Katoro, mji ambao wasafiri wengi wa kutoka Geita kwenda Biharamulo huujua kwa vumbi na biashara tu. Nyuma ya maduka ya nguo palikuwa na banda la video lililoezekwa kwa mabati, na jenereta yake ilipiga kelele kuliko filamu yenyewe. Kwenye kona ya banda hilo ilikaa televisheni ndogo iliyounganishwa na mashine ya gemu. Ulilipa shilingi 50, ukashika pedi, ukacheza mpaka ushindwe. Gemu iliyotumaliza sisi vijana ilikuwa moja: Street Fighter II.

Nilikuwa na rafiki aliyefanya kibarua kwenye karasha, kule wanakosaga mawe ya dhahabu. Shule aliiacha kabla ya kumaliza darasa la saba. Mikono yake ilikuwa imepasukapasuka, lakini akishika pedi hakuna aliyemweza. Siku zote alimchagua Ryu, yule mpiganaji wa Kijapani mwenye kitambaa chekundu kichwani, anayezunguka dunia bila viatu, hatafuti fedha wala cheo, anataka tu kuijua kazi yake ya kupigana. Ili Ryu arushe mpira wake wa moto ilikupasa ubonyeze chini, uviringishe kidole kwenda mbele, kisha ubonyeze ngumi, yote kabla hujapepesa jicho. Rafiki yangu alijifunza jambo hilo kwa wiki kadhaa na kwa sehemu kubwa ya ujira wake. Banda zima likampa jina la Ryu. Hata watu wazima wa machimboni wakamwita hivyo barabarani. Kwa kijana wa karasha, ndugu msomaji, hilo halikuwa jambo dogo.

Siku moja ubao wa banda ukaandikwa kwa chaki: leo usiku, Street Fighter, steringi Van Damme. Tulifika saa nzima kabla. Rafiki yangu alikaa kwenye benchi la mbele kabisa, nasi tukampisha kama anavyopishwa bwana harusi.

Filamu hiyo ilikuwa imetoka Marekani mwezi Desemba 1994. Steringi wake hakuwa Ryu bali Guile, askari wa Kimarekani, aliyeigizwa na Mbelgiji asiyeweza kuificha lafudhi yake. Mashindano ya kupigana, ambayo ndiyo gemu yenyewe, hayakuwemo. Na Ryu? Ryu alikuwa tapeli mdogo, yeye na mwenzake Ken, wakimwuzia jambazi bunduki za bandia. Ni kweli kwamba mbele ya safari anajirekebisha na kusaidia, lakini nani alikuwa bado anatazama? Banda lilikwisha kuangua kicheko.

Kesho yake mtu alimwita rafiki yangu tapeli, mbele ya watu, pale pale kwenye karasha. Katika mji wa dhahabu, ambako mtu huuziwa shaba akaapiwa kuwa ni dhahabu, neno hilo si la kutaniana. Alicheka pamoja nao. Baada ya mwezi hivi hakushika pedi tena.

Nayasimulia haya kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wenye elimu zao wakisema kwamba mashabiki wa gemu ni watoto wasioridhika. Filamu inatoka, mashabiki wanalalamika, basi wanaambiwa kuwa gemu haina hadithi, kwa hiyo mtengeneza filamu afanye nini? Lazima atunge ya kwake.

Nakataa. Gemu ina hadithi, ila hadithi hiyo imo mikononi. Aliyeshindwa mara 40 akashinda mara ya 41 anayo simulizi kamili ya kushindwa, kujifunza na kushinda, na ameilipia. Sinema tunaikuta imekwisha fanywa, sisi tunatazama. Kwa hiyo mtu anapoichukua gemu na kuifanya filamu, tayari amekunyang'anya pedi. Hilo halikwepeki, na shabiki analijua tangu anapokata tiketi. Anachoomba ni kwamba baada ya kunyang'anywa pedi, asinyang'anywe na yule mtu aliyemjenga kwa vidole vyake.

Watengenezaji wa miaka ile hawakulijua hilo, au walilijua wakalidharau. Walinunua jina, wakaitupa kazi. Tazama Super Mario Bros. ya mwaka 1993. Gemu ile ni furaha ya kuruka, rangi tupu na uyoga. Wao wakampeleka fundi bomba wa watu kwenye jiji la giza lenye watu waliotokana na dinosaria. Bob Hoskins, aliyeigiza kama Mario, alisema miaka mingi baadaye kwamba hiyo ndiyo kazi mbaya kuliko zote alizofanya. Na Street Fighter ile ile ilipotoka, mwaka 1995 ikatolewa gemu iliyotengenezwa kutokana na filamu iliyotengenezwa kutokana na gemu, yenye picha za waigizaji! Huko kwetu tungesema wamesaga marudio ya marudio.

Ati mashabiki hawaridhiki? Mortal Kombat ya mwaka 1995 haikuwa filamu ya hekima, lakini ilibakiza mashindano, ikabakiza kisiwa, ikawaacha watu wapigane walivyopigana kwenye gemu, na mashabiki wakaipenda mpaka leo. Sonic alipoonyeshwa mwaka 2019 akiwa na meno ya binadamu, watu walipiga kelele. Watengenezaji wakarudi kumchora upya, wakaiahirisha filamu hadi Februari 2020, na watu wakajaa kuitazama. Mario aliporudi mwaka 2023, safari hii Shigeru Miyamoto aliyemtunga akiwa mmoja wa watayarishaji, filamu ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.3. Wahakiki wengi walinuna. Mashabiki walikwenda na watoto wao.

Nisieleweke vibaya: sidai kwamba kisibadilishwe kitu. Katika banda lile lile la Katoro tuliangalia kanda za Lufufu wa Dar es Salaam, zilizowekwa sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za Kizungu na za Kichina. Lufufu hakutafsiri neno kwa neno. Aliongeza, alitania, alieleza ambacho mwigizaji hakukisema kabisa. Hakuna aliyelalamika kuwa ameibiwa, kwa sababu Lufufu alisimama upande wetu. Alijua tunacheka wapi na tunaogopa wapi. Vivyo hivyo The Last of Us ya mwaka 2023: maisha ya Bill na Frank yalibadilishwa mno kuliko yalivyokuwa kwenye gemu, na watu wakalia machozi ya kweli. Mmoja wa walioiandaa alikuwa Neil Druckmann, aliyeiandika gemu yenyewe. Anayebadilisha kutoka ndani ya nyumba anajua ukuta upi umebeba paa. Wale wa mwaka 1994 walivunja kwanza ukuta wa kati, kisha wakashangaa.

Rafiki yangu sasa ana karasha lake mwenyewe na wajukuu wawili. Mwaka juzi nilipokwenda Katoro nilimkuta mjukuu mmoja akitazama Mario kwenye simu. Babu alitazama naye kidogo, kisha akaniuliza kama ile ya Ryu iliwahi kurudiwa. Nikamwambia ndiyo, mwaka 2009 walitengeneza nyingine, ya Chun-Li, na Ryu hakuonekana hata mara moja.

"Afadhali," akasema, akaendelea kutazama.