Frateri Chini ya Mwembe na Riwaya Yake

Frateri, kijana anayesomea upadre, akirudi likizo, parokia nzima hugeuka kuwa walezi wake. Akina mama wa jumuiya huhesabu asubuhi alizokosa Misa, wanakwaya hupeleleza simu yake ni ya aina gani, na shangazi zake humuuliza kwa kuzungukazunguka kama bado "yupo". Akionekana uwanjani amevaa jezi ya Yanga, kuna atakayenong'ona kwamba huyu daraja la upadre halifikii. Akikutwa chini ya mwembe na riwaya, minong'ono huwa mikali zaidi. Mpira angalau ni mazoezi.

Wanaonong'ona wana hoja. Tangu kidato cha sita hadi upadre, mwaka wa malezi, falsafa na teolojia pekee haziishi chini ya miaka saba, na magunia ya mahindi yanayomlisha kijana huyo mengine yametoka kwa wajane. Mwenye gunia ana haki ya kuuliza kijana anasomeshwa nini.

Lakini tuwatazame watu wawili wa Ukerewe. Aniceti Kitereza alisoma Seminari ya Rubya, huko Bukoba, akaondoka bila upadre. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Toleo lake la Kiswahili lilichapishwa 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Euphrase Kezilahabi naye alipitia seminari kabla ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1971 akatoa Rosa Mistika, kitabu kilichopata kupigwa marufuku shuleni.

Msomaji mkali atanidaka hapo hapo: wote wawili hawakufika altareni! Kweli. Ila sijui kwa nini lawama iiangukie kalamu. Aliyemtia Kitereza moyo wa kuandika alikuwa padre, Almas Simard, mmisionari aliyeona kwamba maisha ya Wakerewe yanastahili kuandikwa na Mkerewe. Padre huyo hakuona ugomvi kati ya Injili na simulizi za watu kama Myombekere na Bugonoka, waliohangaika kutafuta mtoto.

Hata Roma imelisema. Julai 2024 Papa Fransisko aliandika barua nzima kuhusu fasihi katika malezi, na mwanzoni alikuwa akiwafikiria mapadre. Alilalamika kwamba seminarini fasihi huchukuliwa kama burudani tu. Alijua alichokisema: mwaka 1964 na 1965 alifundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti mjini Santa Fe, Argentina, wakati ambapo mwenyewe bado alikuwa malezini. Upadre aliupata 1969.

Kwangu mimi faida kubwa iko kwenye kitubio. Siku moja frateri huyu ataketi upande wa pili wa wavu, na binti atakayepiga magoti atakuwa ameyapitia ya Rosa wa Kezilahabi: baba mlevi mwenye fimbo, malezi ya kufungiwa ndani, kisha uhuru usio na mwongozo. Teolojia ya maadili itampa padre jina la kila dhambi. Riwaya itakuwa imekwisha kumkalisha na Rosa usiku kucha, kabla binti hajafungua kinywa.

Simu ni shauri jingine, na hapa nakubaliana na akina mama. Kinanda kinadai mazoezi, riwaya inadai subira, mpira unadai wenzako kumi. Kutelezesha kidole kwenye video fupi hadi saa nane usiku hakudai kitu, na asubuhi masifu husomwa kwa macho mekundu. Mlezi anayeviweka vyote kwenye kapu moja la "anasa" humfundisha kijana kuficha. Frateri aliyezoea kuficha riwaya hatashindwa kuficha mengine.

Likizo ikiisha, frateri hurudi seminarini na barua ya paroko kuhusu mwenendo wake: alisali, alitii, alishirikiana na waumini. Laiti paroko angeongeza mstari mmoja tu, akaandika kijana huyu anapenda nini, na akishakipata huwa mtu wa namna gani nyumbani kwao.