Ukuta Uliokauka kwa Macho

Maji ya masika yakishaondoka katika nyumba za Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, mgonjwa wa pumu anayeulizwa kliniki kuhusu makazi yake hujibu kwa unyofu kwamba nyumba imekauka. Jibu huandikwa, na dawa ya kuvuta huongezwa. Kosa haliko kwa mgonjwa, bali katika swali, kwa kuwa neno kukauka limebebeshwa mizigo mingi mno.

Mafundi hawalitumii ovyo. Mpiga lipu husema ukuta "bado mbichi" hata pale ambapo kiganja hakihisi maji. Anajua kwamba tofali la saruji lina vinyweleo, nalo hufyonza maji kutoka chini kama utambi ufyonzavyo mafuta ya taa. Uso hutangulia kukauka. Kiini hubaki kibichi kwa majuma, pengine miezi. Ubichi wa ukuta ni neno linalostahili kuingia katika chumba cha daktari kuliko istilahi yoyote ya kukopa.

Neno jingine ni unyevuanga, yaani mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na ule ambao hewa ya joto hilo ingeweza kubeba. Hutajwa kwa asilimia. Wataalamu wa majengo hupendekeza usizidi asilimia 60 ndani ya nyumba. Pwani, wakati wa mvua, hewa ya nje yenyewe mara nyingi hupita hapo. Ushauri wa kufungua madirisha, ambao hutolewa mwaka mzima bila kubagua, hufaa siku ya jua na upepo. Usiku wa mvua huenda ukaingiza unyevu mwingi kuliko unaotoka.

Lakini neno linalopotosha zaidi ni fangasi. Mitaani, unga mweupe unaobambua rangi ya ukuta huitwa hivyo. Mara nyingi unga huo ni chumvi tu, iliyobebwa na maji kutoka ndani ya tofali na kuachwa juu maji yalipogeuka mvuke. Ukidondoshewa maji, huyeyuka. Kuvu halisi haiyeyuki. Aghalabu huonekana kama madoa meusi au ya kijani, hutoa uvundo, na huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye godoro, mbao au dari iliyolowa. Hiyo ndiyo inayohusishwa na pumu na mzio katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009. Hata hivyo chumvi nayo si ya kupuuzwa, kwani hushuhudia kwamba maji yamepita ukutani, na huenda yangali yanapita. Kuipaka rangi juu ni kufunga bandeji juu ya usaha. (Na dawa ya klorini, hata ikiua kuvu, haikaushi chochote, mabaki ya kuvu iliyokufa bado huamsha mzio yasiposuguliwa na kuondolewa.)

Muuguzi angeuliza vingine: chumba kikifunguliwa asubuhi kina uvundo? Godoro lililolowa lilitolewa siku ya ngapi? Kisha angemshauri mgonjwa abandike kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zikizibwa kwa gundi ya utepe, na kukiacha kwa saa zisizopungua 16. Matone yakionekana upande uliogusa ukuta, ukuta ungali mbichi, na rangi isubiri.