Kibao Kisicho na Sanadi

Nilipokuwa Kericho nilipitishwa katika bustani moja ya miti iliyokusanywa kutoka nchi za mbali, nikasimama mbele ya mti mkubwa uliofungwa kibao: mdalasini. Mimi ni mtu wa pwani. Mdalasini naujua kwa ganda, kwa jani na kwa harufu. Nikachuma jani, nikalifikicha, nikalipeleka puani. Lahaula! Haikuwa harufu ya pilau, ilikuwa harufu ya josho la maiti. Mti ule ulikuwa wa kafuri.

Nilimweleza kijana aliyekuwa akinitembeza. Akacheka. "Mzee, vibao vilianguka wakati wa mvua, tukavirudisha."

"Mlijuaje kila kimoja kilitoka mti gani?"

Akanyamaza.

Sikumlaumu sana, maana mdalasini na mkafuri ni ndugu wa ukoo mmoja. Lakini, ndugu msomaji, jambo hili si dogo. Bustani ya namna hii si pambo la kupigia picha maharusi. Ni hazina ya ilimu, na mti uliowekwa humo kwa jina lisilo lake utampotosha kila atakayekuja kuchuma mbegu.

Tuliosoma chuoni tunajua kwamba hadithi haikubaliwi kwa uzuri wa maneno yake. Huulizwa sanadi: nani kaipokea, kutoka kwa nani, naye kwa nani. Mti nao una sanadi yake: nani kaileta mbegu, kutoka nchi gani, mwaka gani. Wataalamu wa mimea wanalijua hilo. Katika hazina ya mimea mikavu iliyoanzishwa Amani, Tanganyika, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950, tawi lililokaushwa huandikiwa jina la mchumaji, mahali na tarehe. Jina likikosewa, hayo husaidia kulisahihisha. Kibao kilichoning'inizwa peke yake, bila daftari nyuma yake, hakina wa kukitolea ushahidi.

Kosa kama hili liliwahi kuwafika wakubwa, tena katika chai yenyewe. Katika miaka ya 1820 majani ya mchai wa mwituni yalipelekwa kutoka Assam hadi bustani ya mimea ya Calcutta, iliyokuwa chini ya tabibu wa Kidenmark, Nathaniel Wallich. Akayatazama, akahukumu kuwa si chai, ni kamelia tu. Hata mwaka 1834 ndipo ilipokubaliwa kwamba Assam ina chai yake ya asili. Na kichekesho ni kwamba wataalamu wa leo mchai wenyewe wanauita kamelia! Basi chai nyingi inayofunika vilima vya Kericho na Bomet, ambayo sisi huku tunaichemsha kwa iliki na tangawizi, ni ya nasaba hiyo iliyokataliwa.

Hapa ndipo linapomgusa mtu maskini. Ipo michai inayosifika kwa ladha, kama ile iitwayo 6/8, na mingine kwa wingi wa majani. Ile ya zambarau, 306, iliyotolewa mwaka 2011, hujitangaza kwa rangi. Nyingine zote machoni pangu ni kijani tupu, na sidhani kama ni pangu peke yangu. Mkulima mdogo wa Bomet akiuziwa mche kwa jina la mwenziwe, atakuja kutambua baada ya miaka, naye keshapalilia, keshatia mbolea, na mchai huweza kuishi kuliko aliyeupanda. Siku hizi kuna kipimo cha DNA cha kupambanua nasaba za mimea. Ni kizuri, lakini nani atampimia mwenye robo eka? Yeye kinga yake ni daftari la kitalu, liandikwe tangu siku kitawi kilipokatwa kwa mama yake.

Na daftari hilo lisiandikwe Kilatini peke yake. Tulipokuwa tukitoka, nilimwonyesha kijana yule mti mmoja karibu na lango, ambao baadhi ya majani yake yalikuwa yamegeuka rangi ya chungwa. Hakufikiri hata kidogo.

"Huu ni tebeswet, mzee. Hata mtoto anaujua."

Nikautazama shina lote, mbele na nyuma. Haukuwa na kibao.